Spageti ya Mama Tina

Mjini Bologna watu hupanga foleni ili kuchungulia mfereji. Si foleni ya mkate, si ya daktari. Kuna kidirisha ukutani, ukubwa wake kama sinia, na tangu asubuhi mpaka jua lizame utawakuta watu wazima na akili zao, wengine wamevuka bahari, wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wanaongoja chanjo. Kila mmoja hutia kichwa, akaona maji ya kijani yakipita kati ya kuta zilizochubuka, akapiga picha, akatoa kichwa, akasema, "Venisi ndogo," kwa kuukumbuka ule mji wa mifereji, akaenda zake kula. Maji hayo ndiyo ambayo bibi wa mji huo walifulia mashuka ya matajiri mpaka ngozi ikawatoka vidoleni. Baadaye mji wenyewe uliyaonea haya, ukayafunika kwa zege upate pa kuegesha magari. Kipande kilichosahauliwa kufunikwa ndicho leo kinachoitwa urembo.

Edera Tugnoli aliipita foleni hiyo kila siku, kikapu cha vitunguu na karoti mkononi, na hakuwahi kuipita kimya.

"Wangekuja na nguo zao chafu ningewaelewa," alimwambia shoga yake Ivonne. "Waje na mashuka, washuke chini, wafue. Wangeujua mfereji vizuri zaidi."

"Watakusikia, Edera."

"Wanisikie. Si wamekuja kutafuta vitu vya asili? Mimi ni wa asili."

Edera alikuwa amekula chumvi ya miaka sabini na ushee. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha mashine za kufungashia majani ya chai, na huko wasimamizi walimwita Kengele, kwa sababu akifungua mdomo tu watu huacha kazi. Shule aliishia darasa la tano. Mengine alijisomea mwenyewe kutoka kabati la vitabu la Klabu ya wafanyakazi, akiwa ametoka zamu, kidole chini ya mstari. Kumbukumbu yake haikuwa na huruma. Angeweza kukutajia nani aliyevunja mgomo wa mwaka gani, alivaa koti la rangi gani, na uongo aliomdanganyia mkewe jioni yake. Watu wa mtaa wakimwona anakuja, walikumbuka ghafla wana shughuli upande wa pili wa barabara.

Klabu yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kile kidirisha, chini ya baraza ndefu ya nguzo kama zilivyo baraza zote za mji ule. Ukumbi, baa, jiko, na nyuma kabisa choo. Waliijenga wafanyakazi wenyewe baada ya vita, kwa matofali waliyoyachopoa kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu. Babake Edera aliyabeba mgongoni. Na kila Alhamisi, tangu Edera akiwa binti, jiko la Klabu liliwalisha wazee wa mtaa waliobaki peke yao, siku hizi hasa wale ambao watoto wao wamehamia viungani kwa sababu nyumba za katikati ya mji sasa zinakodishwa kwa wageni wa siku mbili. Walikuja na fimbo zao na malalamiko yao, wakala supu ya tortelini, wakagombana kuhusu serikali, wakarudi nyumbani. Edera ndiye aliyepika. Tangu mumewe afariki, Alhamisi ndiyo siku pekee aliyobishana na kitu kinachojibu. Siku nyingine alibishana na redio.

Hiyo Alhamisi ndiyo iliyokuwa inataka kuuzwa.

Mwenyekiti wa Klabu, Nerio Bortolotti, alikuwa amepata mteja. Kampuni moja ya Milano ilitaka ukumbi, jiko na baa, ilete wageni waketi na kula "kwa bibi". Bibi mmoja angewekwa kwenye dirisha la mbele, amefungwa aproni iliyotariziwa, anasukuma unga mchana kutwa ili wapita njia wamwone. Kampuni ingeezeka paa upya. Na chakula cha Alhamisi je? Hilo, ilisema karatasi ya kampuni, lingeangaliwa upya. Edera alikuwa amekaa na waajiri mezani mara za kutosha kujua maana ya neno hilo. Kinachopelekwa kuangaliwa upya hupelekwa kaburini.

Kura ilikuwa Jumapili, baada ya chakula. Kwenye Klabu hiyo hakuna kura inayopigwa kabla ya watu kula. Waliojenga nyumba ndio walioweka desturi hiyo: mwenye njaa, walisema, hununuliwa kwa kipande cha mkate, basi kwanza ashibe, ndipo ainue kadi yake ya uanachama.

Jumatano jioni wanachama walikutana kuzungumza. Edera alisimama. Alisema kuhusu matofali. Alisema kuhusu mzee wa orofa ya tatu aliyekutwa amekufa wiki nzima bila mtu kujua, na jinsi ambavyo angejulikana siku ileile kama angekuwa mtu wa Alhamisi. Alisema kwa sauti ileile iliyowahi kusimamisha mashine, na alipomaliza, watu walimtazama kama wanavyolitazama basi lisilo lao.

"Hotuba nzuri, komredi," alisema Oriano Zanasi. Oriano alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, na siku hizi kazi yake ilikuwa kusimama, mikono nyuma, akiwatazama mafundi wakichimba njia ya tramu, ile treni ya barabarani, na kuwaonyesha wanapokosea. "Nzuri sana. Lakini paa linavuja."

"Likivuja si tunaziba? Baba zetu walijenga nyumba nzima."

"Baba zetu walikuwa na magoti," alisema mwingine, na watu wakacheka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Nerio. "Ndivyo walivyosema wahenga, Edera."

"Hao wahenga hawakuishi uchochoro huu. Huku mgeni anakuja, mwenyeji anahama. Toka nje utazame milango. Kila mlango una kale kasanduku ka funguo ka tarakimu. Ulikuwa mlango wa nani ule wa kijani? Wa fundi viatu. Ule mwingine? Wa mkunga aliyekutoa wewe tumboni. Sasa analala humo mtu ambaye hata jina la mtaa hajui, na asubuhi anauliza pa kula mayai."

"Una roho ngumu."

"Nina kumbukumbu. Watu wengi huchanganya hivyo viwili."

Wakacheka tena, na kicheko hicho kikamwonyesha kwamba ameshindwa. Alizijua kura. Watu wakianza kukufurahia, ujue hawakufuati.

Nerio, kusema haki, hakuwa mwizi. Laiti angekuwa mwizi, mambo yangekuwa mepesi. Alikuwa mtu aliyechoka. Ndoo za kukingia maji ukumbini alizimwaga yeye, barua za manispaa alizijibu yeye, na wale waliocheka Jumatano hawakuwahi kushika hata ufagio. Lakini uchovu ni hongo kama hongo nyingine. Humfanya mtu atie sahihi. Na kilichomuudhi Edera kuliko vyote ni kwamba Nerio alikuwa mtoto wa Mama Tina. Tina Bortolotti alitawala jiko lile maisha yake yote. Nusu ya wanawake wa mtaa, na Edera na Ivonne wakiwemo, walijifunza kusukuma unga chini ya macho yake, na macho yenyewe yalikuwa nafuu, maana alikuwa na kofi pia. Mtoto wa mwanamke huyo ndiye anataka kumweka bibi dirishani kama kuku wa kuchoma.

Ijumaa akaja mwakilishi wa kampuni, Daktari Ludovica Marenzi. Hakuwa daktari wa kutibu mtu. Kule kila aliyepita chuo kikuu ni daktari, na wengine hawakupita. Alivaa viatu vyeupe vya michezo na koti lililokatwa vizuri. Ukumbi aliupita mbio. Picha za wagomaji ukutani hakuziona. Kabati la vitabu aliliuliza kama linahamishika. Aliposikia kwamba dirisha la choo linatazama mfereji, hapo ndipo alipochangamka, akaingia, Nerio nyuma yake, na wakakaa humo muda mrefu.

Oriano alikuwa amesimama nje ya mlango, miguu ameipishanisha.

"Kuna mtu?" aliuliza.

"Yupo daktari," alisema Ivonne. "Anatazama mandhari."

"Mimi nina mandhari yangu hapa, na haisubiri."

Mlango ulipofunguliwa, Ludovica alikuwa akisema choo kitabomolewa, ukuta ufunguliwe, iwekwe meza ya watu wawili, ile ya wapenzi, yenye kungojewa kwa miezi. Nerio akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza Oriano na wenzake watakojoa wapi.

Simu ya Nerio ikalia, akatoka nje kuipokea, na Ludovica akaingia jikoni peke yake. Edera na Ivonne walikuwa mezani wakikunja tortelini, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, vidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambavyo huchemshwa ndani ya supu ya kuku na kuliwa hivyo tu, bila madoido.

"Endeleeni, endeleeni, mama zangu. Msinitazame mimi." Akatoa simu, akaisogeza karibu na vidole vyao. "Mikono tu. Nyuso sihitaji."

"Afadhali," alisema Edera. "Uso wangu una maneno."

Ludovica akacheka. Hakuwa mjinga, na ndiyo maana alikuwa hatari. "Nitakuja Jumapili na Bwana Wouter, Mholanzi. Huyu huwaandikia watu wale wapi na watazame nini. Akitaja mahali, ndege zinajaa. Mnapika nini?"

"Hizi, kwenye supu. Ndicho chakula cha siku ya kura."

"Supu." Ludovica alilitamka neno kana kwamba amelikuta kwenye kiatu. "Mama, nisikilize. Bwana Wouter amekuja kwa ajili ya spageti bolonyeze ya bibi, ile ya mchuzi wa nyama. Wageni wetu wote wanaiulizia kabla hawajaulizia ile minara miwili ya mji."

Ivonne alishusha mikono.

Ni lazima ieleweke uzito wa jambo hilo. Mchuzi wa nyama ya kusaga, Bologna wanao, na wanaupika kwa saa nyingi kama ibada. Lakini unawekwa juu ya tepe za unga na mayai zilizosukumwa kwa mkono asubuhi ileile. Spageti ni tambi kavu ya dukani, chakula cha mtu asiye na kitu, Ijumaa ya kutokula nyama, pamoja na samaki wa kopo. Kuumwaga mchuzi ule juu ya spageti ni kama mtu amimine chai ya maziwa juu ya pilau, kisha akuambie ndivyo mlivyolelewa kwenu.

"Hicho chakula hapa hakipo," alisema Ivonne polepole, kama anayemweleza mtoto kuhusu kifo.

"Najua, mama. Nimezaliwa nchi hii, najua. Lakini mgeni hali unachokijua wewe. Anakula alichokuja nacho kichwani. Na tortelini kama mnazo, zitiwe malai. Zinapendeza kwenye picha."

Nerio akarudi, simu bado mkononi. Edera akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mwenyekiti. Daktari ana chakula anachokitaka Jumapili. Nimpikie?"

"Mpikie chochote anachotaka, Edera. Nakuomba. Siku moja tu usibishe."

"Kwa mkutano mzima?"

"Kwa wote. Watu wale pamoja na mgeni, kama ilivyo desturi."

"Sawa. Wewe ndiye mwenyekiti."

Nerio alishangaa kidogo jinsi neno hilo lilivyotoka laini, lakini mtu aliyechoka hachunguzi zawadi. Walipoondoka, Ivonne alimgeukia mwenzake.

"Edera, hutapika uchafu huo."

"Nitaupika. Na nitaupika vizuri."

"Kwenye sufuria la Mama Tina?"

"Sufuria lilelile. Jumatano niliwapa maneno, wakanicheka. Hawa watu masikio yao yameota kutu, shoga. Tujaribu tumbo."

"Na Nerio?"

"Nerio atavumilia paa, atavumilia Milano, atavumilia hata choo kuwa cha wapenzi. Lakini akiwekewa hiyo sahani mbele yake, mtoto wa Tina, atasimama amfukuze daktari kwa mkono wake mwenyewe. Namjua. Nimemwona akikua chini ya meza hii."

Huo ndio ulikuwa mpango wake wote, na kama tutakavyoona, kuhusu Nerio alikosea.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watu walivaa vizuri, maana siku ya kura ni siku ya supu, na siku ya supu mtu hujipaka mafuta ya nywele. Meza zilitandikwa karatasi nyeupe. Divai nyekundu yenye mapovu ilikuwa imeshafunguliwa. Kwenye meza ya mbele alikaa Nerio na tai yake, kushoto Ludovica, kulia Bwana Wouter, mtu mrefu mwenye uso mwema uliobabuka kwa jua, aliyekuwa akimtabasamia kila mtu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshapanga foleni ya kidirisha. Aliwaonyesha majirani picha ya mfereji wao wenyewe.

Wazee walikuwa wameshashika vijiko. Mlango wa jiko ukafunguka, Edera akatoka na sinia la kwanza, Ivonne nyuma yake na la pili, uso wake kama wa mtu anayebeba jeneza.

Lilikuwa rundo la spageti, na juu yake mchuzi wa nyama umemwagwa kama udongo kwenye shimo. Pembeni, bakuli la tortelini limezama kwenye malai.

Oriano alikiweka kijiko chini taratibu.

"Edera," alisema, "hii nini?"

"Chakula."

"Nakiona. Nauliza nini."

"Ndicho mtakachokuwa mkipika humu mkiinua kadi. Daktari amekiagiza, mwenyekiti amekiidhinisha. Nimeona si vizuri mtu apige kura bila kuonja. Haya, karibuni. Kitapoa."

Akapita meza hadi meza akipakua, na hakumruka mtu. Watu waliziangalia sahani zao kama wanavyoitazama barua ya mahakama. Mmoja alizungusha uma, akauinua, akaushusha. Mwingine alikula kidogo kwa sababu ya adabu, akanywa divai nyingi. Ludovica alikuwa ameshaelewa anachezewa. Lakini alikuwa na mgeni wa kumlinda, basi akatabasamu kwa meno yote.

Bwana Wouter peke yake ndiye aliyefurahi. Aliikata spageti kwa kisu, kosa ambalo pale hata mtoto hukemewa. Akala, akafumba macho, akaomba tena, na pamoja nayo akaomba kahawa ya maziwa, ambayo pale hainywewi ila asubuhi. Akasema neno refu kwa lugha yake, na Ludovica akalitafsiri kwa ukumbi mzima:

"Anasema amezunguka mji mzima, na hii ndiyo Bologna yenyewe hasa."

Mtu wa meza ya nyuma alikohoa. Edera alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, akimtazama Nerio. Uso wa Nerio ulikuwa umeiva kama nyanya, na mshipa umemsimama shingoni. Sasa, Edera aliwaza. Sasa hivi. Simama, mtoto wa Tina.

Mholanzi alimgeukia Nerio kwa upole, simu yake mkononi ikirekodi. Ludovica akatafsiri, na alipotafsiri sauti yake ilipungua kidogo, maana yeye pia alijua swali limefika wapi.

"Anauliza, ameambiwa mama yako alikuwa mpishi wa jiko hili. Je, hivi ndivyo alivyokupikia ulipokuwa mtoto?"

Ukumbi wote ulimgeukia Nerio. Alimtazama Ludovica, naye akamnyanyulia nyusi kidogo sana, kama anayemsaidia mtu kupanda ngazi. Alitazama juu, kwenye alama za maji darini. Kisha akaangalia sahani yake.

"Ndiyo," alisema. "Hivi hivi. Kila Jumapili."

"Na malai?"

"Na malai."

Uma wa mtu ulianguka sakafuni, na haukuokotwa.

Edera mwenyewe hakuwa tayari kwa hilo. Alimtegea mtu mtego wa hasira, akakuta ameingia kwenye kitu kingine kabisa. Alihisi aibu ambayo haikuwa yake, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake ndani. Mkataa kwao mtumwa, husemwa; lakini aliyesema hivyo hakumwona mtu akimkana mama yake mdomoni mna chakula.

Aliyenyanyuka hakuwa Edera. Alikuwa Ivonne, yule aliyekuwa akiogopa watu wa foleni wasije wakamsikia Edera.

"Nerio," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu watulie waisikie. "Mimi mama yako alinizaba kofi hapo, hapo ulipokaa, kwa sababu nilileta unga uliosukumwa kwa mashine. Siku iliyofuata akanizaba tena kwa sababu nilisahau kumwomba msamaha. Nilimshika mkono alipokuwa anakata roho, wewe ukiwa njiani. Unajua aliniambia nini? Aliniuliza nani anaangalia supu."

"Mama Ivonne, ni namna ya kusema tu. Kwa ajili ya mgeni."

"Namna ya kusema."

"Paa, Mama Ivonne. Ninyi hamlioni paa."

"Ninaliona. Nakuona na wewe pia."

Akaketi. Oriano akaisukuma sahani yake mpaka katikati ya meza, na wa pembeni yake akafanya hivyo, na mlio wa sahani zikisukumwa juu ya karatasi ukapita ukumbi wote. Mholanzi alidhani ni desturi. Naye akaisukuma yake, akitabasamu.

Kura haikuchukua muda. Katibu aliuliza nani anakubali, zikapanda kadi chache, za watu wasiopenda kubadilisha mawazo hata nyumba ikiungua. Aliuliza nani anakataa, na ukumbi ukawa kama shamba lililoota mikono. Oriano aliinua yake kwa nguvu kiasi cha kumgonga jirani.

Ludovica alikunja karatasi zake bila haraka. "Mjini hapa kumbi ni nyingi," alimwambia Nerio. "Na zenye madirisha mazuri zaidi." Bwana Wouter alipeana mikono na kila mtu, akaja mpaka kwa Edera, akainama, akaubusu mkono wake uliokuwa unanuka kitunguu. Kuna jambo alilisema kwa bidii.

"Anasema hajawahi kula hivyo," alitafsiri Ludovica, "na ataandika watu waje kwako."

"Mwambie aandike tumefunga."

Wakatoka. Na mara walipotoka ukumbi ukafunguka kama chupa. Watu walipigana mabegani. Mmoja alisema Milano wamepata walichotafuta, mwingine akasema Bologna haiuzwi, mwingine akamimina divai akaanza wimbo ambao maneno yake aliyajua mpaka nusu. Oriano alimjia Edera mikono wazi.

"Kengele, umewamaliza. Umewamaliza kabisa. Sasa lete ile supu."

"Supu gani?"

"Supu, bwana. Najua umeificha huko nyuma. Watu wana njaa."

Edera aliwatazama. Jumatano aliwapa matofali ya baba zao, wakapiga miayo. Aliwapa maiti ya jirani yao, wakazungumzia magoti. Mtaa wao uliuzwa mlango kwa mlango miaka yote hii, mbele ya macho yao, na walikuwa wakipita barazani wakiwaelekeza wageni pa kupata kahawa. Haki haikuwainua mkono. Iliyowainua ni spageti. Na sasa walikuwa wakiimba kana kwamba wamechukua ngome, na waliona ni haki yao kupakuliwa.

"Hakuna supu," alisema.

"Utani gani huo?"

"Sikupika. Na Alhamisi haitakuwepo pia, mimi na Ivonne tukibaki wawili. Wazee wanaongezeka, vidole vyetu vinapungua. Kwa hiyo nisikilizeni." Hakupaza sauti, haikuhitajika. "Mkono uliopanda leo nauhitaji Alhamisi alfajiri, jikoni. Kumenya, kukunja, kuosha masufuria. Nimewaona wote walioinua, na mnajua mimi sisahau. Nani anakuja?"

Wimbo ulikwisha. Mtu alikumbuka kwamba Alhamisi ana kliniki ya macho. Mwingine alikuwa na mjukuu. Oriano alieleza kwamba Alhamisi wale mafundi wa tramu wanamwaga zege kwenye kona, na asipokuwepo watalimwaga vibaya. Wengine walijishughulisha na makoti yao. Katika muda ambao mtu angemaliza sigara moja, mashujaa wa Bologna walikuwa wameshatoka barazani wakitafuta pa kula, na wawili kati yao, Ivonne aliwaona, waliingia mkahawa wa watalii wa mortadela, ile soseji nene ya mji.

Ukumbini zikabaki sahani, sahani zote zile zilizojaa, na Nerio mezani pake na tai yake, mbele yake spageti ambayo sasa ilikuwa imeganda.

Edera alianza kukusanya sahani. Hakumsemesha. Alipofika kwenye meza ya mbele, Nerio hakunyanyua kichwa.

"Nitakuja mimi," alisema.

"Wapi?"

"Alhamisi."

"Wewe unajua nini cha jikoni?"

"Najua kukunja."

"Nani alikufundisha?"

Ivonne, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, alisimamisha kitambaa.

"Mama," alisema Nerio.

Edera aliichukua sahani yake, akaimwaga juu ya nyingine.

"Basi njoo mapema," alisema. "Osha mikono. Na huo mdomo uuache nyumbani."